Nchi ya Meli ya Salumu

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeroweka mchele, nimesaga, nimechoma vitumbua. Nusu vimebaki bila kununuliwa. Simu ya Salumu haipatikani, tangu Ramadhani. Mama mkwe kanifuata jikoni na shuka jeupe: tumsomee hitma, na mimi nikae eda. Nimekataa. Mume wangu ni mpishi wa meli, si maiti. Shuka kaliacha juu ya kabati langu.

Jumatano, 6 Agosti

Shemeji Hamisi, mdogo wake Salumu, anafanya kazi bandarini. Leo kaniambia ile meli si ya Dubai, kama tulivyokuwa tukijigamba mtaani. Bendera yake ni ya Tuvalu. Sijawahi kulisikia jina hilo. Anasema baharia akipotea, nchi ya bendera ndiyo inayoulizwa. Kumbe kuna nchi nzima inayotakiwa kujua mume wangu yuko wapi! Nimefurahi kama mjinga.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimesoma kwenye simu mpaka macho yanawasha. Visiwa tisa katikati ya Pasifiki. Watu wake wote ukiwaleta hapa Gongo la Mboto, wataenea na nafasi itabaki. Bunge lipo, vyama vya siasa hakuna. Mfalme ni yule yule wa Uingereza. Hakuna mto, wanakinga mvua. Udongo mbovu, minazi, magimbi, basi. Wanauza vibali vya kuvua samaki kwenye maji yao. Wanakodisha hata herufi mbili za anwani zao za mtandao, TV, watu wa televisheni wanazipenda. Na vijana wao wanakwenda ubaharia.

Hapo nikaacha kusoma. Na kule wapo wanawake wanaosubiri.

Nikarudi tena. Mahali pa juu kabisa hapafikii urefu wa nguzo ya umeme. Bahari inawala kidogo kidogo. Nchi yenyewe inatafuta pa kushika, na mimi nimeishika hiyo hiyo.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimeiandikia serikali yao. Kiingereza changu cha kidato cha nne, aibu tupu. Mama mkwe kanitazama nikibonyeza simu, kasema, "Mfa maji haachi kutapatapa." Kisha kajishika mdomo.

Jumapili, 17 Agosti

Tuvalu hawajajibu. Nina hasira na Salumu. Alipanda meli bila kuuliza ni ya nani.

Jumatano, 20 Agosti

Ndege imepita chini, bati likatetemeka. Mama mkwe kauliza, "Hivyo visiwa vyako, ndege inatua wapi?" Nikamwambia uwanja upo mmoja, na ndege isipokuwepo watoto wanachezea mpira hapo hapo kwenye njia yake. Kacheka. Sijamsikia akicheka tangu Ramadhani. Kataka nimsomee zaidi, nikamsomea. Hitma hakuitaja.

Jumatatu, 25 Agosti

Hamisi kaja, kagoma kukaa. Kaulizia kwa mabaharia na mawakala. Meli ile ilishafutwa kwenye daftari la meli la Tuvalu kabla Salumu hajaipanda. Bendera ilibaki rangi tu ubavuni.

"Shemeji, kule hawamjui," kasema, macho chini.

Kwa hiyo meli haikuwa na kwao. Nimemwomba asimwambie mama. Nimelia bafuni, bomba nimelifungulia. Nawachukia wenye meli. Tuvalu siwezi kuichukia, masikini, haijanikosea kitu.

Ijumaa, 29 Agosti

Mama katoka kuswali alasiri, kaniletea chai ya tangawizi. Hajawahi kuniletea chai. Kakaa kwenye mkeka.

"Huko Tuvalu saa hizi saa ngapi?"

Nikahesabu. Kwetu saa kumi jioni. Kwao saa saba usiku, ni Jumamosi tayari.

"Yaani wao kesho wameshaiona?"

"Ndiyo, mama."

"Basi habari za mwanangu watazipata kabla yetu."

Nikasema ndiyo.

Kanywa chai yake yote. Kisha kainuka, kalitoa shuka jeupe juu ya kabati langu, kaenda kulirudisha sandukuni kwake. Nikaroweka mchele wa kesho.