Nyumba Yetu Juu ya Meza

Jumapili, Novemba 2007

Mvua ya vuli imenyesha tangu alfajiri, sasa imekatika na jua linachoma vibaya. Binti yangu Ilham yuko madrasa. Mimi nimekuja mkahawa wa intaneti, nimekaa kwenye kompyuta ya pembeni, na nina hasira ambayo sijapata kuwa nayo tangu nilipoachika. Naandika humu bloguni kwa sababu jamaa zangu hawasomi humu. Na wakisoma, basi wasome.

Jana tulikwenda kwenye maonyesho ya vitofali.

Kwa wasiojua, ni vile vitofali vya plastiki vya watoto, vya kupachikana kimoja juu ya kingine, ambavyo kuna watu wazima na ndevu zao wamevifanya mapenzi ya maisha. Kaka Nassor, kaka yangu wa pekee, ni mmoja wao. Wenziwe hurudi kutoka Maskati na dhahabu na manukato. Yeye alirudi na masanduku ya vitofali. Tumemcheka miaka. Sasa wapenzi wenzake wa vitofali, wengi wao wageni wanaoishi hapa Unguja, wamekodi ukumbi Shangani kuonyesha kazi zao, na Kaka akatualika sote: Mama, mimi na Ilham, na mkewe.

Sikatai, vilipendeza. Palikuwa na pomboo wa Kizimkazi wakiruka, rangi ya kijivu tupu. Palikuwa na soko la Darajani na wauza samaki wadogo kuliko kucha. Ilham alisahau hata kuniomba juisi.

Na katikati ya ukumbi, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, ilikaa nyumba yetu.

Nyumba yetu hasa, ya Mji Mkongwe, aliyotuachia Baba. Mlango wenye misumari, baraza, kibaraza cha juu chenye mbao zilizopinda upande mmoja. Nilijua anaijenga, maana vipimo nilimpa mimi. Mwezi mzima wa Shaaban alikuwa akinipigia simu: dada, hebu nipimie upana wa ukumbi wa chini, dada, hebu nitazamie unene wa ukuta wa jikoni. Mimi ni mshoni, futi ya kupimia haikosi shingoni. Ilham alishika ncha moja, mimi nyingine, tukapima nyumba nzima kwa raha zetu. Akataka mpaka kina cha kisima. Nikafunga jiwe kwenye kamba nikakipima.

Nani anapima kina cha kisima kwa ajili ya mchezo? Lakini aliyeomba ni kaka yangu, na sikuwa na sababu ya kujiuliza.

Ile nyumba ya vitofali ilikuwa inafunguka, ghorofa moja moja, ukinyanyua unaona vyumba ndani. Kaka alikuwa akizungumza na wageni meza ya pili, nikanyanyua mwenyewe. Nilitaka kumwonyesha Ilham kitanda chetu.

Chumba chetu kilikuwa kimekatwa katikati. Kila nusu ina kitanda kikubwa, na kila nusu ina choo chake. Chumba cha Mama, vilevile. Nikahesabu vyoo nikacheka kwa sauti, nikamwita Kaka nikamwambia amekosea, sisi choo chetu kiko uani, mtu mzima hajui choo cha kwao kilipo? Jikoni kwetu palikuwa na meza ndefu, na nyuma yake mtu mdogo wa plastiki amevaa tai.

Kaka hakucheka. Wifi yangu aliinama kujifunga kiatu. Alikuwa amevaa kandambili.

Hapo ndipo Mama, ambaye hajawahi kuficha kitu akakiweza, akakaribia meza, akanyoosha kidole kwenye ngazi akauliza, "Nassor, si ulisema hapa watatia lifti?"

Hapo nikajua.

Nyumba inakuwa hoteli. Mgeni mmoja anayefanya biashara na Kaka ameshaletewa vipimo, vipimo vyangu, na ameshakubali. Vile vitofali Kaka aliwajengea watu wa hoteli waone itakavyokuwa, kisha akaona vimependeza mno, ni hasara kuvificha, akavileta kwenye maonyesho. Nadhani alisahau kuwa mimi nina macho. Au alidhani nitaangalia kama wanavyoangalia watoto, niseme mashallah nipite.

Ilham alikuwa bado amechutama mezani. Akaniuliza, "Mama, sisi tunalala wapi?"

Nilimwacha Kaka amjibu. Akasema tutahamia kwake Mbweni, kuna vyumba viwili vya uani, vina upepo mzuri. Alisema hivyo kwa ile sauti yake ya kubembelezea wateja. Nikamwuliza kwa nini hakuniuliza. Akanijibu mbele ya wale wageni, taratibu, huku akirudisha ghorofa mahali pake: "Kwani si mwenyewe ulinipa uwakala?"

Ni kweli, nilimpa. Baba alipofariki tulikwenda mbele ya kadhi, mimi na Mama, tukasema na mashahidi wakasikia: Nassor ni wakala wetu katika mirathi, atakalofanya tumelifanya. Ndivyo wafanyavyo wanawake wa kwetu. Hakuna anayetaka kushinda kwenye mabenchi ya maofisi ilhali kaka yupo. Siku ileile tulikubaliana nyumba isigawiwe wala isiuzwe muda wote Mama akiwa hai, na aliyetoa kauli hiyo ni yeye, analia.

Leo anasema hajaiuza, ameikodisha tu. Miaka thelathini na tatu. Mama ana sabini na nne.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeyasema maneno haya mara ngapi kwa wateja wangu wanaokuja na visa vya waume zao na mashoga zao, nikiwakatia vitambaa huku nikijiona mimi salama?

Asubuhi hii nilimwuliza Mama tangu lini anajua. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. "Tangu Ramadhani. Nlikuwa nangoja Idi Kubwa ipite, nisikutie jitimai."

Basi Idi Ndogo tulikaa sinia moja, tukala biriani, na wote walikuwa wanajua isipokuwa mimi. Kaka alinipa pesa yangu ya Idi mkononi, akanisifu kanzu niliyomshonea.

Nimwelewe Mama, maana naweza. Magoti yanamuuma, zile ngazi zinamtesa, mvua ikinyesha tunatega ndoo ukumbini. Mbweni atakaa chini, ataoga kwa maji ya bomba. Nimelala nikiliwaza hilo, nikaona kitu kinachoniuma kuliko vyote. Wangeniambia, pengine ningekubali. Ningelia, kisha ningefunga vyombo. Hawakuniona mtu wa kuambiwa. Walinihitaji kwa futi yangu tu.

Mtalaka aliyerudi kwao na mtoto hupewa chumba, hupewa chakula, hupewa pole. Rai haombwi.

Nimemwambia Mama kesho nakwenda kwa kadhi kuutangua ule uwakala. Neno nililotoa mbele yake, mbele yake nitalirudisha. Mama akashtuka, akaacha mchele. "Utamshitaki kakaako, Salma? Watu watasemaje?"

Nikamwambia simshitaki mtu. Nachukua kilicho changu, na hicho ni kauli yangu. Hoteli ikija, iniombe na mimi ruhusa.

Sijui kama naweza kushinda. Sijui hata kama nataka kubaki katika nyumba ile, na Kaka sijui nitamsalimu kwa uso gani.

Mama akarudi kwenye mchele wake, halafu akaniuliza kwa sauti ndogo nitakwenda na nani, maana mambo kama hayo siku zote hunipeleka Nassor.

Nikamjibu, peke yangu.