Aliyetuletea Sala Ndiye Aliyetolewa Nyumbani

Lusangi, mwezi wa nane, 1953

Kwako Mama mushauri wa gazeti letu, nakusalimia kwa heshima, nami naomba usiweke barua hii pembeni mbele ya kuifikisha mwisho, kwa sababu hapa Lusangi watu wote wananiona mutu mwenye bahati, na mutu mwenye bahati hana wa kumulilia.

Mimi ni Albertine, muke wa Musafiri, tunalima pamba na mupunga, na Pasaka iliyopita tulibatizwa na kufunga ndoa mbele ya Padri. Mimi ndimi muke wake wa kwanza, sikupata mutoto, mimba zote zilitoka, basi bwana yangu akaenda kijiji cha Wamaza akaoa muke wa pili, musichana wa nyumba ya Waislamu. Kwao wanamuita Zaina, lakini yeye mwenyewe alijichagulia jina Emilienne kungojea siku ya ubatizo, na mimi nitamuita hivyo. Alipoingia nilijitayarisha kwa vita, nikamuachia jiko lenye kuvuja, nikakaa muda mrefu bila kumujibu salamu, naye hakunirudishia ubaya hata siku moja, aliniita yaya kama vile mutu anavyomuita dada yake mukubwa, na asubuhi wakati wa kutwanga nilimusikia akisema maneno polepole peke yake, nikawaza ananiloga.

Kisha mimba yangu ya mwisho ikatoka na damu ikakataa kusimama, bwana yangu alikuwa amepeleka pamba Kabambare, na wandugu zangu wanakaa mbali, basi ni yeye aliyenikokea moto, akanifulia nguo zile ambazo mutu anaona haya kuzionyesha hata kwa mama yake, akaninywesha uji, na juu ya kichwa changu nikasikia tena yale maneno yake. Nikamuuliza, «Unasema na nani?»

Akajibu, «Na Mungu. Namuambia jina lako kila siku.»

Nikauliza Mungu anamujibu nini. Akasema, «Sijui, yaya. Lakini tangu nianze kumuambia, siwezi tena kukukasirikia.»

Mama, mimi sikuanza kuamini kwa kusikia mahubiri, nilianza pale, nikiwa nimelala juu ya mukeka wenye damu. Nilipopona nikamuomba anieleze, naye akanieleza kwamba alilelewa Kasongo kwa shangazi yake, na shangazi alikuwa akienda misioni, akamufundisha sala na kusoma, na ubatizo wake ulikuwa karibu wakati baba yake alipokuja kumuchukua ili aolewe. Hakutukana dini ya baba yake, alisema tu Yesu ni nani na alifanya nini kwa watu kama sisi. Alinifundisha herufi kwa makaa juu ya ukuta wa jiko, na mukono huu unaoandika barua hii, yeye ndiye aliyeufundisha. Bwana yangu aliposikia wake zake wawili wakicheka ndani ya jiko moja, alizani tunamufanyia shauri baya, akaja kusikiliza mulangoni, akakuta tunasoma, akakaa, na kesho yake akarudi tena. Majirani wakafuata. Katekista Hippolyte alipofika kutafuta watu wa kufundisha, alikuta uwanja wetu unasali tayari.

Tulisoma miaka miwili, sisi watatu pamoja, na katikati yake Emilienne akazaa mutoto mwanamuke, Véronique, mutoto wetu sote. Halafu Padri akaja kwa safari yake kutupima. Bwana yangu alichanganya amri za Mungu, mimi nilisahau sala katikati, Emilienne akajibu yote bila kukwama, na Hippolyte akamuambia Padri kwamba hapa ni yeye aliyepanda na udongo ukapokea, sisi tukanyamaza. Ndipo Padri akasema, wala hakusema kwa ukali, kwamba mbele ya Mungu mwanaume ana muke mumoja, na muke ni yule wa kwanza, kwa hiyo wa pili atoke nyumbani kwanza, kisha bwana na muke wa kwanza na mutoto watabatizwa. Mutoto akibatizwa atabaki kwa baba yake, alelewe na wakristu.

Bwana yangu alikataa. Kwa miezi hakuenda tena kusali shapeli, alikuwa anakwenda shambani mapema na kurudi giza likiingia. Emilienne ndiye aliyekata neno. Alimuachisha Véronique ziwa, akafunga nguo zake, na asubuhi akaja jikoni kwangu akasema, «Yaya, mimi niliwaleta mpaka mulangoni. Sitaki niwe mimi ninayewazuia kuingia.»

Nilimuambia abaki, nikamushika mukono, lakini, Mama, sikumushika kwa nguvu. Alikwenda kwa miguu na kaka yake Kasimu aliyekuja kumuchukua, na Kasimu akasema mbele ya watu wote kwamba ng'ombe anarudishwa kwa sababu ya ugonjwa, dada yake anarudishwa kwa sababu gani. Hakuna aliyemujibu.

Basi Pasaka tukabatizwa, wanawake wakapiga vigelegele, wakaniambia Mungu amekukumbuka, umepata bwana peke yako na mutoto juu yake. Véronique aliita mama yake mpaka sauti ikakauka, na sasa hamuiti tena, ananiita mimi mama, na kila akiniita nasikia kama nimemuibia mutu aliye hai.

Emilienne nilimuona mara moja tu, kwenye soko la pamba, amekonda, shingo yake imekuwa nyembamba kama ya mutoto. Hakuniuliza habari zangu wala za bwana. Aliuliza kama mutoto anakula. Nikasema anakula. Nikamuuliza kama bado anasali. Akasema, «Nasali, yaya. Lakini siombi tena kitu.» Kisha akaniambia kwamba Kasimu amemupata mufanyabiashara muzee wa Kabambare, mwenye wake wawili, naye atakuwa wa tatu, na ndoa itafungwa mvua za kwanza zikianza. Akanyanyua kitunga chake akakwenda, na mimi nikabaki katikati ya magunia ya pamba, watu wanapita wananisukuma.

Sasa sikia shida inayonifanya nikuandikie. Hippolyte anataka kufungua mafundisho kule Wamaza, amechagua wanawake waende naye kutoa ushuhuda, na wa kwanza kuchaguliwa ni mimi, eti nisimame mbele ya watu wa Wamaza niwaambie jinsi Habari Njema ilivyosafisha nyumba yangu. Nilimuambia siwezi, akasema ninaona haya juu ya Bwana Yesu na atamupasha Padri habari. Bwana yangu anasema niende, lakini nisiingie kwa Kasimu na nisimupeleke Véronique, kwa sababu mutoto amekwisha kusahau na haifai kumuamsha. Usiku bwana yangu anageukia ukuta, najua halali, na hatusemi lile jina.

Mama, nitawaambia nini watu wale? Walitupatia mutoto wao, yeye akatupatia Mungu, na sisi tukamurudisha kwao mikono mitupu. Komunyo naipokea na kinywa kimekauka. Nimewaza niondoke mimi, niende kwa wadogo zangu, ili yeye arudi kwa mutoto wake, na najua hata hivyo haitawezekana. Naomba uniambie kama kuna njia, na kama hakuna njia uniambie hivyo pia, nitafahamu.

Albertine, Lusangi

*

Albertine, mwanangu,

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaenda kupika, chakula kikaungua. Nakuambia hivyo ili ujue kwamba nitakayokukemea hapa sikukemei kwa moyo mwepesi.

Umeniomba nikuambie ukweli ikiwa hakuna njia. Ya kumrudisha Emilienne katika nyumba ile kama mke, haipo. Wewe ukiondoka, Musafiri atabaki na ndoa ya kanisa isiyo na mke, mtoto atapoteza mama wa pili, na Emilienne hatapata kitu. Wazo hilo liache leo. Linakupa raha ya kujiumiza na halimsaidii mtu. Sheria ile si mimi niliyeiweka, siwezi kuitengua katika gazeti, wala sitakudanganya kwamba ni nyepesi. Wanawake wengi wamenilia juu yake katika kiti kile kile ninachokalia nikikuandikia, na wengi wao niliwarudisha na maneno matamu tu. Wewe sikupi maneno hayo.

Lakini soma tena barua yako mwenyewe. Unaandika kwamba Padri alipowapima, katekista alisema yeye ndiye aliyepanda, nanyi mkanyamaza. Kwa nini mlinyamaza? Mlikuwa wawili, wewe na bwana yako, na hakuna aliyefungua kinywa kusema, «Padri, huyu ndiye aliyetufundisha.» Sisemi sheria ingegeuka. Nasema kwamba Padri angejua anamtoa nani, na asingeondoka bila kuuliza ataishije. Hilo lilikuwa juu yenu, si juu ya sheria.

Bado linaweza kusemwa. Juzi nilikwenda kwa Padri mmoja hapa Kasongo, bila kutaja jina lako wala la kijiji, nikamuuliza habari ya mwanamke aliyejifunza yote, aliyetoka kwa bwana wake kwa kutii, na sasa anakaa peke yake kwa kaka yake. Akaniuliza, «Basi kwa nini hajabatizwa?» Umesikia, Albertine? Hakuna kinachomzuia. Tangu Pasaka mpaka leo hakuna aliyekwenda kumwambia. Mlikuwa mnahesabu machozi yenu.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye upesi. Bwana yako aende misioni, wewe ukiwa pamoja naye, amweleze Padri wenu mambo yote kwa kinywa chake, pamoja na ile ndoa ya Kabambare. Na Emilienne aulizwe mbele ya sultani anayetawala kijiji chao kama anamtaka mzee yule. Akisema hataki, sultani hana ruhusa ya kumfungisha ndoa, na Padri akiwa amejua habari, Kasimu hatathubutu kufanya kwa siri. Akisema anataka, kwa sababu amechoka kulishwa na kaka yake na kusimangwa na wake wa kaka huyo, usimhukumu. Nani kati yenu aliyemletea hata kikapu cha mchele tangu alipotoka?

Hippolyte mjibu kwamba hutatoa ushuhuda Wamaza. Akikuambia unamwonea haya Bwana Yesu, mjibu kwamba unawaonea haya watu wa Wamaza, na una sababu. Akitaka kumpasha Padri, vizuri, mtakutana hukohuko. Nyumba yenu haikusafishwa. Kilichofanyika ni kwamba mtu mmoja alibeba mzigo wa wote akaondoka nao, na ukisimama mbele ya ndugu zake na kuuita mzigo huo usafi, hata mtoto wa Wamaza atajua unasema uongo, na hatasikiliza tena neno la Mungu kutoka kwa mtu yeyote wa Lusangi.

Lakini Wamaza utakwenda. Nenda peke yako na Véronique. Bwana yako anasema mtoto amesahau. Hajasahau, amechoka kuita, na hayo ni mambo mawili. Ingia kwa Kasimu. Atakutukana, na utakaa chini kwenye mkeka wa wanawake utukanwe mpaka amalize, usimjibu wala usimtolee mstari wa Injili. Ana haki ya kusema lile alilolisema siku ile bila mtu kumjibu. Akimaliza, mwambie kwamba dada yake ndiye aliyekufundisha kusali, na kwamba mlimkosea. Hayo tu. Halafu mpe Emilienne mtoto wake mikononi na utoke nje, uwaache. Kila siku ya soko umpeleke tena. Ubatizo wa mtoto haufutiki kwa kukaa mapajani mwa mama yake.

Na komunyo: usijiulize sasa kama unastahili. Yeye hakuuliza kama anastahili, aliuliza kama mtoto anakula.

Sina hakika utamkuta. Barua yako ilikawia njiani, kamyo inayobeba barua za Kabambare iliharibika mtoni, na hapa kwetu mawingu yameanza kukusanyika. Pengine ukisoma haya mvua imekwisha kunyesha na amekwisha kupelekwa. Kama ni hivyo, uliza nyumba ya mzee yule ni ipi, na uende Kabambare. Atakuwa amefunikwa ushungi, pengine hatataka kukuona, pengine atakuambia hasali tena. Kaa naye hata hivyo. Mweleze mtoto anakula nini.

Musafiri akikukataza, mwonyeshe gazeti hili. Barua za ukurasa huu huwa nazijibu bila kutia jina langu, ndivyo tulivyopatana na wenye gazeti. Hii nimeitia, ili akitaka kugombana na mtu, asigombane na wewe.

Marguerite, Kasongo, nyuma ya soko, nyumba yenye uzio wa matete