Utamu ya Kisima ya Papa

Papa, Mama, musikunywe tena mayi ya kisima yetu. ~~Mumwange mayi ya mu bido zote.~~ Muchunge ya kupangusia nyumba tu.

Leo asubui nilienda kuchukua majibu ya mayi yetu ku labo ya iniversite. Siku zote tunatukana kampani ya kuchimba mukuba asema njo inachafula mayi, kumbe ni choo yetu njo inaingia mu kisima. Mavi, Papa. Ile utamu unasifiaka kwa bageni, ni ile. Nilitapika mu njia.

Mama, kuhara ya mutoto Mapalo haiko ya kuota meno. Mumupatie mayi ya sashe, ile ya kuuza, iko chini ya meza. Miye naenda kuchota ku forage ya parokia, kile kisima kirefu cha pompe.

Profesere wa labo aliuliza, "Ni banani banakunywaka hii?" Nikajibu, "Ba jirani."

Nilidanganya nusu tu, nabo banachotaka kwetu. Papa, ukabaambie ba jirani mbele bapikie ile mayi bukari.

Mutoto wenu, yaya wa Mapalo