Swali Nililolijua

Jumatatu, 4 Machi
Wameniita! Usaili ni Alhamisi. Tangu kampuni yetu ifungwe nimetuma maombi hadi nimechoka, na hawa ndio wa kwanza kujibu. Mjomba kasema ile nafasi ya kaunta dukani kwake, kuuza misumari na rangi, ataniwekea mpaka Ijumaa tu. Mpwa au si mpwa, duka halingoji. Ana haki yake. Lakini mimi ni mtu wa kuandika programu, jamani! Nikiishika ile kaunta, najijua, sitoki.

Jumanne, 5 Machi
Rafiki yangu aliyepitia usaili wa namna hii kaninong'oneza: watakupa tatizo, utaandika ubaoni, na lazima useme kila unachofikiri. Ukinyamaza umekwisha. Mimi tena! Mimi nikifikiri ni bubu kabisa.

Nimebandika karatasi ukutani. Mama kaacha cherehani yake, kajifanya msaili. Nikamweleza jinsi programu inavyotafuta njia fupi ya kupeleka mizigo kwa wateja. Kila nikinyamaza: "Enhe? Halafu?" Mwishoni kasema hajaelewa kitu, ila nimeongea vizuri. Tumecheka mpaka mbavu zinauma.

Jumatano, 6 Machi
Shati nimelipiga pasi, nikalirudia. Basi.

Alhamisi, 7 Machi
Naandika kwenye simu, chumba cha usaili, niko peke yangu.

Msaili — kijana mpole, kindevu kidogo — kasoma swali. Njia fupi ya kupeleka mizigo! Lilelile! Nikaanza kuandika, mkono unateleza tu. Naye anaitikia kwa kichwa kwa furaha, eti nafikiri haraka. Hapo raha ikaniisha. Nilikuwa sifikiri, nilikuwa nakariri! Nikaweka kalamu chini. "Samahani kaka, hili nalijua. Nimelifanya juzi na mama yangu."

Akanitazama. Akatoka.

Nikajilaani weee! Mjinga mimi, nani kaniuliza? Nikajiona tayari kule kaunta, napima misumari, mjomba ananionea huruma. Machozi yalikuwa karibu, sitadanganya.

Akarudi na bosi wake, mama mtu mzima, kompyuta kwapani. Nikasimama niage. Kaniambia nikae, maswali yao yote yamezagaa mtandaoni, hana jingine la kunipa. Akaifungua kompyuta mbele yangu. Programu yao inawatumia baadhi ya wateja risiti ileile mara mbili, na imewashinda wiki nzima. Nikauliza kama naruhusiwa kugusa.

"Iguse, mwanangu. Ndiyo kazi yenyewe."

Wamekwenda kuleta chai. Jibu silijui! Sijawahi kuona kitu kama hiki, na bado natabasamu peke yangu kama mwendawazimu. Hebu kwanza — hapa mtandao ukikatika inatuma upya, lakini nani anaiambia kwamba ile risiti ya kwanza ilishafika? Simu chini, naigusa!