Kilo Kumi na Mbili

3 Februari

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka karakana. Mkono wa sindano unaendeleaje? Sisi wazima. Ulisema nikuandikie kwa karatasi kwa kuwa saa nne za mashine ya kusafisha damu ni ndefu na simu inakuumiza macho. Haya, nimetii.

Majibu yametoka. Figo yangu inakufaa. Ila daktari kanitazama juu mpaka chini, kasema hanipasui nikiwa na kilo mia moja na nne. Nipunguze kumi na mbili, taratibu, kwa miezi sita. Yaani wewe ufungwe kwenye mashine miezi sita kwa sababu ya tumbo langu? Kumi na mbili kwa sita ni mbili kwa mwezi. Nikizidisha juhudi mara mbili, miezi inabaki mitatu. Nimejiandikisha mbio za kilomita ishirini na moja za mwezi wa nne, nisipate pa kurudi nyuma. Mjomba kasikia, kasema mbele ya watu kwamba Gunia hakimbii hata mvua ikimkuta njiani. Wote wakacheka. Mageti ya nyumba zao nimechomelea mimi, na wa kuchekwa ni mimi.

Kaka yako, Gunia

17 Februari

Kaka,

Shikamoo. Mimi sijambo, miguu imepungua kuvimba. Wifi na watoto wasalimie.

Nilimsomea muuguzi barua yako. Kwenye mvua alicheka, kwenye hesabu hakucheka. Anasema mwili hujengeka ukiwa umelala, na anayekimbia bila kula anajila mwenyewe. Kaka, mwili si geti, uuchomelee usiku uukabidhi asubuhi. Siku ya kupumzika, pumzika. Nitangoja hiyo miezi sita. Kiti hiki nimeshakizoea mpaka kimeshika umbo la mgongo wangu. Je, usiku unakula?

Mdogo wako

29 Machi

Dada,

Salaam, na pole kwa ukimya, sikuwa na muda hata wa kukaa. Afya yako? Yangu ndiyo hii: kilo tisa zimeondoka, suruali naifunga kwa kamba. Alfajiri nakimbia, mchana nachomelea, jioni naruka kamba. Nakula mara moja, mayai na mboga. Kupumzika ni kwa wenye mishahara. Mimi usingizi wa saa nne unanitosha. Miguu inauma, si haba, lakini duka la dawa wananipa vidonge vya maumivu, viwili asubuhi, viwili jioni, nasonga. Mbio ni Jumapili. Jumatatu napanda mizani, kisha Mjomba atafute mwingine wa kumcheka.

Kaka yako

31 Machi

Kaka,

Shikamoo, salamu nyingine baadaye. Vidonge gani? Hivyo ndivyo nilivyokatazwa mimi siku ya kwanza, vinaumiza figo. Nimekupigia tangu asubuhi, simu imezimwa. Usikimbie. Barua hii naipeleka posta mwenyewe.

Mdogo wako

14 Aprili

Dada,

Anayeandika ni wifi yako, mimi mkono una dripu. Maneno ni yangu.

Barua yako ilifika Jumanne. Mbio zilikuwa Jumapili. Nilimaliza. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu ndilo jema pekee nililo nalo. Jioni ile mkojo ulitoka rangi ya kahawa, kesho yake haukutoka kabisa.

Daktari ni yule yule. Kasema misuli niliyoichosha bila kuilisha wala kuilaza imevunjikavunjika, uchafu wake umeziba figo, na vidonge vikamalizia kazi. Nikamwambia nimefika tisini na mbili, anipime. Hakunipima. Alisema, "Mzee, wewe si mtoaji tena."

Nilimwomba arudie. Akarudia.

Dada, nimeipiga hesabu hii kila upande, haitoki. Nilifanya mara mbili ya walichotaka. Sasa wamenifunga kwenye mashine, ina mlio ule ule uliowahi kuniigizia. Wanasema huenda figo zikarudi kufanya kazi baada ya wiki kadhaa, kwa matumizi yangu tu. Ya kukupa haipo.

Sijui nikusalimie vipi.

Kaka yako

20 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Salamu ni hiyo hiyo, hujaacha kuwa mkubwa wangu.

Barua yako niliisoma nikiwa kitini. Mashine ikaanza kupiga kelele, muuguzi akaja mbio akidhani presha imeshuka. Nikampa karatasi. Aliisoma, akakaa kwenye kitanda cha mgonjwa, jambo ambalo hawaruhusiwi.

Nimekukasirikia siku tatu nzima. Nani alikuambia nina haraka? Niliandika kwamba nitangoja. Ulikuwa unashindana na Mjomba, na ulichoweka rehani ni figo yangu.

Basi, nimemaliza. Sasa msikilize mzoefu. Beba shuka zito, damu ikirudi mwilini huja na baridi. Usichague kiti cha karibu na mlango. Pampu usiitazame siku za mwanzo. Kula chote wanachokupa. Usingizi ukija, upokee kama mgeni wa heshima. Mimi wamenirudisha kwenye foleni, na foleni naijua. Figo naweza kupewa hata na mtu nisiyemjua. Kaka hakuna wa kunigawia.

Nijibu kwa mkono wako mwenyewe.

Mdogo wako

2 Mei

Dada,

Marahaba. Nimekula. Nimelala mpaka wifi yako akaja kuhakikisha kama napumua. Mkojo wa leo, nusu kikombe.

Kaka yako