Mfuko Chini ya Droni

Jumamosi, 8 Februari

Mwanangu Fareen ametoka kujificha chini ya mablanketi sasa hivi, na ile redio kaivaa kifuani! Ile wanayovaa watu wa milimani ili wakifukiwa na theluji wasikike. Kazuia pumzi, kimya kabisa. Miaka mitatu tu. Kipokezi mkononi mwangu kikalia: ti-ti-ti. "Find me, Mama!" Nimemvuta mguu, nimemkumbatia mpaka akalalamika.

Aqeel, mume wangu, kasema basi kinafanya kazi. Kipokezi anakitia kwenye mfuko niliomshonea, anauning'iniza kwa kamba ndefu chini ya droni — karibu na mota hakisikii kitu. Mwaka jana maporomoko ya theluji yalimfukia kaka yake, Mohsin, huko British Columbia. Redio alikuwa nayo. Waliomtafuta kwa miguu walichelewa.

Jumatano, 12 Februari

Theluji mpaka magotini. Waokoaji wawili wa milimani wapo Toronto wiki hii tu. Ijumaa wataiangalia droni ikijaribiwa. Wakikataa, Aqeel hana tena pa kuipeleka. Précieux, rafiki yake, kaja kupima kamba. Anamtania: kaka, hii ungeanikia nguo za mtaa wetu mzima wa Dixon! Aqeel hata hakutabasamu.

Alhamisi, 13 Februari

Mfuko umekwisha. Pindo nimelishona mara mbili. Inshallah, inshallah.

Ijumaa, 14 Februari

Kimya.

Redio ilifukiwa uwanjani, droni ikapita juu yake, ikarudi, ikapita tena. Hata ti moja! Yule mama mwokoaji alisema pole, lakini maisha ya watu wangu siwezi kuyakabidhi kwa kitu hiki. Précieux kawabembeleza wapite kesho mchana kabla ya ndege yao. Wamekubali — kwa huruma tu, nimeona nyuso zao. Aqeel hajala. Anasema Mohsin kafa mara ya pili.

Jumamosi, 15 Februari

Nimefumua mfuko niukaushe. Ndani ya pindo, palepale kipokezi kinapoegemea: sarafu, kitambaa cha kijani, halafu karatasi ya foili tabaka kwa tabaka ili isilowe. Imam Zamin! Ile anayofungwa msafiri mkononi arudi salama. Mishono ya Ma, mama mkwe wangu, naijua — mirefu, imepinda. Nimeitoa, nikajaribu: ti-ti-ti mpaka jikoni. Nimeirudisha: kimya. Ya Allah!

Mohsin aliondoka bila kufungwa. Alikuwa na haraka. Ma hulisema hilo kila Alhamisi akimsomea Fatiha. Sasa nimwambie dua yake ndiyo iliyoziba masikio ya mashine? Itammaliza. Nikinyamaza nikaificha, je? Aqeel ataamini kosa ni lake, na wale wageni lazima waambiwe sababu. Wanakuja baada ya adhuhuri.

Labda nimfunge Aqeel mwenyewe mkononi. Nimwambie Ma taratibu, msafiri ni mwanao, Ma, si droni, na kwamba —

Ma ananiita. "Sabika! Beta, mwanangu, njoo hapa!" Kaushika mfuko, anapapasa pindo, anauliza nani kaitoa. Nakwenda kumwambia, Imam Zamin yake mkononi mwangu.