Chumba cha Dola Sitini na Nne

Milwaukee, 14 Oktoba 2008

Mpendwa Dada Bernadine,

Pokea salamu kutoka huku kwetu, ambako majani yote yameshaanguka na mimi bado sijayazoa. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti lako limetulia, na jua la Tucson halijakukausha kama samaki wa kuhifadhiwa. Sisi hatujambo. Mke wangu Arlene anakusalimu na anauliza kama ile sufuria yake uliondoka nayo kwa bahati mbaya au kwa makusudi. Mama ni mzima, tena mzima kupita kiasi, kama utakavyoona. Mimi pia naendelea vizuri, isipokuwa nyayo zinaniuma, na sababu ya maumivu hayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Ningekuandikia kwa kompyuta ungekuwa umeshajua mambo haya tangu Jumapili, lakini wewe na kompyuta mnajuana wenyewe.

Najua Mama amekwisha kukupigia simu akakusimulia safari ya Chicago. Nina hakika amekueleza nusu. Nusu ya pili ninayo mimi, na imenikaa vibaya.

Unakumbuka jambo lilivyoanza. Mwezi wa nane, mezani kwetu, siku ile ya samaki wa Ijumaa, Arlene alimuuliza Mama anataka zawadi gani akitimiza themanini. Mama alifuta mdomo, akasema hajawahi kulala hotelini. Tulicheka, kisha tukaacha kucheka, maana tulihesabu na kuona ni kweli. Mwanamke aliyetandika vitanda vya wageni miaka ishirini na sita, vyumba kumi na sita kwa siku, hajawahi kujifunika shuka iliyotandikwa na mtu mwingine, isipokuwa siku alizotuzaa. Nikamwambia, Mama, nitakupeleka Chicago, hoteli ya nyota nne. Akasema hapana. Kwa bei zile, kwa kitanda alichotandika mara laki moja, heri alale kwenye beseni la kuogea. Akaongeza kwamba ikipatikana kwa bei ya mtu mwenye akili, atafikiria.

Hapo, dada, alinigusa penyewe. Unajua sina kipaji kingine. Siimbi, sichezi, na gari langu natengenezewa na mume wako akija Krismasi. Lakini vyumba vya hoteli kwa bei ya chini navijua kuliko mapadri wanavyozijua dhambi zetu. Nikueleze tena, maana mara ya kwanza ulisinzia. Kwenye tovuti ile unachagua mtaa wa mji, unachagua nyota, unataja bei yako, halafu unaweka namba ya kadi yako kabla hujajua hoteli yenyewe. Wakikataa, siku hiyohiyo huwezi kurudia mpaka ubadilishe kitu, mathalani uongeze mtaa mwingine. Wakikubali, kadi inakatwa papo hapo, na ndipo jina la hoteli linapotokea. Ukilipenda, vizuri. Usipolipenda, ni lako vilevile. Harudishiwi mtu pesa.

Kwa hiyo tunakisia. Kuna ukumbi huko mtandaoni ambako watu wa aina yangu hukutana, wanaume wenye vitambi na wanawake wenye daftari, na kila mmoja anatangaza alichopata: mtaa fulani, nyota ngapi, dola ngapi, hoteli gani. Ukisoma miezi mitatu unaanza kuona kama umepewa miwani. Arlene husema siku nikifa nitaitisha zabuni ya jeneza, na litakalokuja halitanienea.

Nilianza na dola arobaini na tano, wakakataa. Nikaongeza mtaa, nikataja hamsini na mbili, wakakataa. Jumapili baada ya misa nikataja sitini na nne, wakakubali. Nilisimama nikapiga makofi peke yangu jikoni. Nilikuwa nimekisia hoteli moja ya kando ya mto, yenye madirisha makubwa. Jina lililotokea lilikuwa Hoteli Tremblay. Siyo ya mto, lakini nyota nne ni nne. Nikampigia Mama, naye akacheka kile kicheko chake cha puani, akasema, “Sitini na nne? Wewe mtoto umewaibia.” Alikwenda kununua gauni la kulalia. Jipya, dada. La rangi ya maziwa.

Sasa sikiliza. Siku mbili kabla ya safari nilifungua ukumbi wetu ili wanipongeze, nikakuta mama mmoja wa Iowa ameandika kwamba Tremblay ni nzuri ila wafanyakazi wake wamegoma, wanazunguka mlangoni wakipiga ndoo kutwa nzima, achukue tahadhari mtu mwenye usingizi mwepesi. Niliwapigia simu hotelini. Kijana mmoja mwenye sauti laini akasema ni kweli, mgomo una miezi minne, lakini nisijali, wageni wanaweza kuingilia kwenye maegesho ya chini, hawataona mtu.

Wewe huhitaji kuelezwa. Ulikuwa na miaka kumi na sita mwaka wa sabini na nne, ule msimu wa baridi Mama na wenzake walipogoma wiki kumi na moja, na sisi tukala chapati za viazi mpaka mimi nikawa nanukia viazi. Na unamkumbuka Mama Mdogo Lottie. Siku ya tisa alipita mbele ya dada yake wa tumbo moja, akaingia kazini kwa mlango wa jikoni. Mama hakusema naye tena miaka kumi na tisa. Hata siku ya mazishi ya Lottie alisema na jeneza tu.

Kwa hiyo nilijua ninachokishika mkononi. Ilinipasa kusema, nikanyamaza. Nilijiambia kwamba nauli imelipwa, chumba kimelipwa, gauni limenunuliwa, na tukiingia kwa chini hatajua. Nilisahau kwamba mwezi wa nne Mama alitolewa mtoto wa jicho, na sasa akiwa hapa anaona nzi aliyeko mji wa Racine.

Ijumaa tulipanda treni, Mama na koti lake jekundu, sanduku lake dogo na mikate ya nyama ndani ya karatasi ya rangi ya fedha, kana kwamba Chicago hakuna chakula. Kutoka stesheni nilimwongoza kwa mitaa ya nyuma. Akaniuliza kwa nini tunapita kwenye mapipa ya taka. Nikasema ni njia ya mkato. Akasema, “Roman, njia ya mkato haina kona sita.” Kisha ile ndoo ikasikika. Akasimama, akageuza kichwa kama mbwa aliyesikia gari la nyumbani, akaufuata mlio. Mimi nikamfuata yeye.

Walikuwa kama watu kumi na tano, mabango vifuani, wanazunguka. Mama alisoma jina la hoteli kwenye bango, akalisoma tena kwenye karatasi yangu, kisha akaniangalia. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nilijua. Nikasema sikujua, mtandao huficha jina. Sehemu ndogo ya maneno hayo ilikuwa kweli.

Alimwendea mwanamke aliyekuwa mbele, mnene, mchangamfu, jina lake Graciela, akamuuliza wana vyumba vingapi kwa siku. Graciela akasema walipewa kumi na sita, sasa wanatakiwa ishirini. Mama akasema, “Ishirini? Wanadhani mna mikono ya pweza?” Akaweka sanduku chini, akaomba bango. Graciela akamwambia, bibi, wewe kaa hapa kwenye kiti, utachoka. Mama akajibu kwamba bibi ni mama yake Graciela, yeye anaitwa Wanda, na hilo bango analivaa au hapewi? Akavalishwa. Akaingia kwenye mstari, dada, na miguu yake ikashika ile hatua papo hapo, kama mtu aliyetoka jana.

Mimi nikasema naenda kutafuta kahawa. Na kweli nilirudi na kahawa mbili. Yaliyokuwa katikati nitakueleza baadaye kidogo, maana bado najipa moyo.

Graciela alitutajia hoteli nyingine, mitaa mitatu mbele, ambayo wafanyakazi wake wana mkataba na hawakugoma. Tulipofika nilimkalisha Mama kwenye kochi la ukumbini, nikamwambia nakwenda kwenye kompyuta yao kutaja bei. Nilikwenda mapokezi. Binti akasema dola mia mbili thelathini na tisa, bila kodi. Nikamwambia sawa. Mimi, Bernadine. Nililipa bei iliyoandikwa, kama Mmarekani wa kwenye televisheni. Nikarudi nikamwambia Mama nimekipata kwa sitini na nane. Akasema mchezo wangu unashuka. Akikwambia hiyo sitini na nane kwenye simu, tafadhali mwache nayo.

Lakini ungemwona. Kwanza alipitisha kidole juu ya fremu ya picha, akakiangalia, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akapiga magoti kutazama chini ya kitanda, na nikapata kazi ya kumwinua. Kisha akapiga simu chini kuomba taulo moja ya ziada, ambayo hakuihitaji, ili tu aletewe. Mhudumu aliyeileta, Mama alimshika mkono, akamuuliza mgongo wake unaendeleaje, na nilipotoka kuoga niliwakuta wote wawili wameketi ukingoni mwa kitanda, wanayasema vibaya magodoro ya siku hizi. Alivaa gauni lake saa mbili usiku. Alilala chali, mikono juu ya shuka, katikati kabisa, kama bibi harusi wa mfalme. Mimi nilikuwa kwenye kile kitanda cha kukunjua, nikakoroma, nimeambiwa.

Asubuhi ndiyo ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Tulishuka kula mayai. Kulikuwa na baridi pale dirishani, nikamfunika mabega kwa koti langu. Akatafuta leso mfukoni. Alichotoa ni kipande cha sabuni, kidogo, kwenye karatasi ya buluu, kimeandikwa Tremblay. Akakiweka kando ya sahani yangu, taratibu, kama mtu anayelipa.

Ndiyo hivyo, dada. Sikwenda kutafuta kahawa. Nilizunguka nyuma, nikaingia kwa maegesho ya chini. Nia yangu, naapa, ilikuwa kudai pesa. Kijana wa sauti laini akanikatalia, akanisogezea ufunguo. Nikasema nipande tu nikaone tunachokikosa. Ghorofa ya saba. Nilitazama dirishani, nikaliona koti jekundu la Mama kule chini, dogo, linazunguka nyuma ya Graciela. Nililiona vizuri. Kisha nikavua viatu nikajilaza. Chumba nilikuwa nimekilipia. Nilipoondoka nikachukua sabuni mbili, kwa mazoea.

Nilingoja Mama aseme lolote. Nilimwona Mama Mdogo Lottie mbele ya macho yangu, nikahesabu: miaka kumi na tisa, Mama atakuwa na tisini na tisa. Alimaliza yai lake. Akauliza, “Pembe za shuka zilikuwaje?”

Nikasema tatu zilikuwa sawa. Ya upande wa dirisha ilikuwa imelegea.

Akasema hao waliokodiwa badala ya waliogoma hawajafundishwa, si kosa lao. Akanywa chai. Kisha akauliza nilikaa mle ndani dakika ngapi. Nikasema ishirini.

Tulipokuwa tunarudi stesheni alipita kwenye mitaa ya mbele, siyo ya mapipa. Graciela na wenzake walikuwapo. Mama akaomba bango, akalining'iniza shingoni mwangu, akalinyoosha kama alivyokuwa akininyooshea tai ya komunyo. Akaweka sanduku lake wima ukingoni mwa barabara, akakaa juu yake, akafunua mkono wa koti kuona saa. Akaniambia, “Zunguka.” Nikazunguka. Graciela akauliza huyu amefanya nini. Mama akamjibu kwamba hajafanya kitu, ni mwanawe, anajifunza. Dakika ishirini zilipotimia alisimama, akanivua bango, akanipa mkate wa nyama, na katika treni alilala begani mwangu mpaka Milwaukee. Tangu hapo ananisemesha kama kawaida, yaani ananikosoa.

Ningeishia hapo, lakini wewe ni dada yangu mkubwa na sina padri ninayemwogopa zaidi yako. Hazikuwa ishirini. Nilipitiwa na usingizi kwenye kitanda kile. Zilikuwa arobaini.

Jumamosi nachukua treni ya asubuhi, peke yangu. Arlene nimemwambia nakwenda kutazama hoteli. Nitazunguka ishirini zilizobaki, na Graciela akitaka, nitapiga ndoo.

Msalimie sana shemeji, na mwambie gari limeanza tena ule mlio. Wasalimie watoto. Sufuria si lazima uirudishe. Sabuni ya pili nimeiweka humu ndani ya bahasha. Itupe wewe, maana mimi kitu nilichokipata bila kulipa sijawahi kukitupa.

Ndimi mdogo wako akupendaye,

Roman